Benki ya Intaneti na Watumiaji wa Linux katika Korea ya Kusini, 1998–2022

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi nchi moja iliyozitangulia nyingi katika mambo ya intaneti ilivyofika mahali ambapo raia wake hakuweza kuifikia akiba yake mwenyewe kwa njia ya kompyuta, isipokuwa awe na bidhaa za kampuni moja ya kigeni. Nchi hiyo ni Korea ya Kusini. Walioona taabu hii mapema zaidi ni watu wachache waliotumia kompyuta za Linux, na kwa kuwa walikuwa wachache malalamiko yao yalihesabiwa kuwa mambo madogo. Lakini kisa chao si kidogo, maana kinahusu swali ambalo kila taifa hukutana nalo: sheria iliyotungwa ili kulinda mali ya watu ifanywe nini, kama chombo ilichokitegemea kimekwisha pitwa na wakati?

Kabla ya kuingia katika habari zenyewe yafaa kueleza Linux ni kitu gani. Kila kompyuta ina programu kuu inayoziamrisha sehemu zake zote, nayo huitwa mfumo wa uendeshaji. Mfumo uliotapakaa kuliko yote katika kompyuta za nyumbani ni Windows, ambao ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani na huuzwa kwa fedha. Linux ulianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na baadaye ukaendelezwa na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali. Hutolewa bure, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuyasoma maandishi ya programu hiyo, kuyarekebisha na kuyagawa. Katika Afrika ya Mashariki programu huria za namna hii zina historia yake: mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ama tofauti iliyo muhimu kwa habari hizi ni hii, kwamba programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows haiendi katika Linux, kama vile ufunguo wa kufuli moja usivyofungua kufuli nyingine.

Asili ya taabu

Mwanzo wa habari hizi hauko Korea bali uko Marekani. Kwa muda mrefu Serikali ya Marekani iliihesabu elimu ya kusimba maandishi kuwa ni aina ya silaha, ikazuia isipelekwe nchi za nje bila ya idhini. Kusimba ni kuyageuza maandishi yawe fumbo lisilosomeka ila kwa mwenye ufunguo wake. Ufunguo wa kompyuta ni namba, na urefu wake hupimwa kwa biti. Kila biti moja inayoongezwa huzidisha mara mbili idadi ya funguo ambazo mwizi hana budi kuzijaribu. Katika miaka ya 1990 vivinjari, yaani programu za kusomea kurasa za intaneti, vilivyotumika ndani ya Marekani viliweza kuwa na funguo za biti 128, lakini vile vilivyoruhusiwa kutoka vilikuwa na biti 40 tu. Funguo za biti 40 ni kama trilioni 1.1 kwa idadi, hesabu ambayo ni kubwa kwa mwanadamu lakini ni ndogo kwa kompyuta. Mwezi wa Agosti 1995 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Damien Doligez, aliufumbua ujumbe uliosimbwa namna hiyo kwa muda wa siku 8 hivi, akitumia kompyuta zaidi ya 100 kwa pamoja.

Serikali ya Korea ya Kusini iliona kuwa haifai kuziweka fedha za raia nyuma ya kufuli dhaifu kiasi hicho. Basi katika mwaka wa 1998 shirika la Serikali lililoshughulikia usalama wa habari lilitengeneza njia yake lenyewe ya kusimba, yenye funguo za biti 128, nayo ikaitwa SEED. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya kusifiwa. Nchi ilikuwa imetoka tu katika msukosuko mkubwa wa fedha wa mwaka 1997, na Serikali ya Rais Kim Dae-jung ilikuwa imekaza nia ya kujenga mitambo ya intaneti ya kasi na kuileta biashara yote humo. Taifa lililonyimwa kufuli imara na rafiki yake likaamua kufua la kwake. Hakuna haki ya kuwalaumu waliofanya hivyo, na makosa yaliyofuata hayakutoka katika SEED yenyewe.

Mwaka uliofuata, 1999, ikatungwa Sheria ya Sahihi za Kielektroniki, iliyoanza kutumika mwezi wa Julai. Sheria hii iliweka vyeti vilivyothibitishwa na Serikali. Mtu aliyetaka kufanya shughuli za benki kwa intaneti alikwenda kwanza benki na kitambulisho chake, kisha akapewa cheti cha kielektroniki, ambacho alikihifadhi katika kompyuta yake au katika kijiti cha kuchukulia kumbukumbu. Cheti hicho kilifungwa kwa neno la siri na kilikuwa kikifanywa upya kila mwaka. Kila mara mtu alipotaka kuhamisha fedha, cheti kilitumika kutia sahihi, na sahihi hiyo ilikuwa na nguvu ya sheria sawasawa na muhuri au sahihi ya mkono. Mwaka huohuo wa 1999 mabenki ya Korea yakaanza huduma zake za intaneti.

ActiveX

Hapo likatokea tatizo. Vivinjari vilivyotengenezwa Marekani havikuijua SEED, wala havikuvijua vyeti vya Korea. Ilibidi basi kila benki impe mteja programu ya nyongeza ya kufanya kazi hizo mbili. Hapo mwanzo programu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya vivinjari viwili, Netscape na Internet Explorer. Lakini Netscape alishindwa sokoni, na katika Korea Internet Explorer wa Microsoft akashika zaidi ya sehemu 9 katika 10 za watumiaji. Mabenki hayakuona faida ya kutengeneza programu kwa ajili ya wachache waliosalia, na iliyobaki ikawa ni njia moja tu, nayo ni ActiveX.

ActiveX ilitolewa na Microsoft katika mwaka wa 1996. Kazi yake ni kuuwezesha ukurasa wa intaneti kuingiza programu kamili ndani ya kompyuta ya msomaji, programu yenye uwezo wa kufanya karibu kila jambo ambalo mwenye kompyuta anaweza kulifanya. Ukurasa wa kawaida ni kama barua iliyopokelewa mlangoni. ActiveX ni kama mgeni aliyepitishwa mpaka chumbani. Akiwa mwema, kazi hufanyika upesi. Akiwa mwovu, hakuna la kumzuia. Tena haikuwa programu moja. Baada ya ile ya kusimba na kutia sahihi zikaja za kulinda kibodi ili mwizi asiyasome maneno ya siri yanapoandikwa, kisha za kuzuia maadui wa nje, kisha za kupambana na virusi. Mteja aliyetaka kulipa bili ya umeme alikutana na maswali mfululizo ya kuuliza kama anaruhusu programu hii na ile, naye akazoea kujibu ndiyo bila kusoma. Hivyo ulinzi ukawafundisha watu tabia ileile ambayo wezi wa intaneti huitamani.

Jambo la kushangaza ni kwamba sababu ya mambo haya yote ilikwisha mapema. Mwezi wa Januari 2000 Serikali ya Marekani ililegeza masharti yake, na tangu hapo vivinjari vyenye funguo za biti 128 vikaenea duniani. Ilikuwa bado miezi michache tu tangu mabenki ya Korea kufungua huduma zao. Laiti mambo yangepimwa upya wakati huo, gharama isingekuwa kubwa. Lakini sheria na kanuni zilikuwa zimekwisha tungwa, makampuni ya kuuza programu za ulinzi yalikuwa yamekwisha pata soko, na watu walikuwa wamekwisha zoea. Mazoea yana taabu, wasema wahenga, na taabu hiyo ilidumu miaka 20.

Hali ya mtumiaji wa Linux

Mtu mwenye kompyuta ya Linux alipofungua ukurasa wa benki yake alikuta nafasi tupu, au maneno ya kumwambia atumie Internet Explorer. Internet Explorer haikuwako kwa Linux. Njia zilizomkalia mbele zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa na kasoro yake.

Ya kwanza ni kuweka mifumo miwili katika kompyuta moja, Linux kwa kazi zote na Windows kwa benki tu, na kuizima mashine na kuiwasha tena kila alipotaka kutazama hesabu yake. Ya pili ni kuiendesha Windows ndani ya Linux kwa programu inayojifanya kuwa kompyuta nyingine. Njia hii iliokoa wakati, lakini leseni ya Windows ilikuwa bado yapasa kununuliwa. Ya tatu ni kutumia Wine, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo huzipokea amri zilizokusudiwa Windows na kuzigeuza ziwe za Linux, mfano wa mkalimani. Wine iliweza kuziendesha programu nyingi za kawaida, lakini programu za kulinda kibodi zilitaka kushika sehemu za ndani kabisa za Windows, na mkalimani hawezi kumpeleka mtu katika chumba ambacho hakipo. Ya nne ni kuacha kompyuta na kwenda benki kwa miguu, jambo ambalo ndilo hasa huduma ya intaneti ilikusudiwa kuliondoa.

Waliotetea hali hii walisema kuwa watumiaji wa Linux ni wachache mno, na haifai benki kutumia fedha kwa ajili yao. Hoja hii ina sura ya kweli, lakini ndani yake mna mzunguko. Mtu ambaye kompyuta yake haifungui benki, wala duka, wala ofisi ya Serikali, ataiacha hata kama aliipenda. Basi watumiaji walikuwa wachache kwa sababu huduma hazikufunguka, na huduma hazikufunguka kwa sababu watumiaji walikuwa wachache. Hesabu ya vichwa haiwezi kuonyesha watu wangependa nini endapo mlango ungekuwa wazi.

Kesi ya mwaka 2007

Mwaka wa 2007 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Mwezi wa Januari Microsoft wenyewe walitoa Windows Vista, iliyokuwa na masharti makali zaidi juu ya programu zinazoingizwa na kurasa, na huduma nyingi za intaneti za Korea zikakwama. Hapo ilidhihirika kwamba hata mwenye kununua bidhaa za kampuni ile hakuwa na amani, kwa kuwa taifa zima lilikuwa limejifunga katika toleo moja la bidhaa hizo.

Mwaka huohuo Kim Keechang, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Korea, aliyekuwa amekusanya watu katika harakati iliyoitwa Open Web, alipeleka mashtaka mahakamani. Walioshtakiwa ni taasisi inayoshughulikia malipo baina ya mabenki, ambayo ilikuwa pia miongoni mwa watoa vyeti. Madai yalikuwa kwamba mtoa cheti aliyeidhinishwa na Serikali hana haki ya kuwanyima huduma raia kwa sababu ya aina ya kivinjari wanachotumia, naye apaswa kutoa programu kwa ajili ya watumiaji wa Linux na wengineo. Mahakama hazikukubali. Zilisema kuwa sheria haikumlazimisha mtoa cheti kutengeneza programu kwa ajili ya kila mfumo. Rufani nazo zikashindwa, na katika mwaka wa 2009 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikaikata kesi hiyo.

Washtaki walishindwa, lakini kesi haikuwa bure. Kabla yake jambo hili lilizungumzwa na mafundi peke yao. Baada yake lilizungumzwa na wanasheria, magazeti na wabunge. Swali lilitoka katika ufundi likaingia katika haki.

Kubadilika kwa mambo

Lililoshindikana mahakamani lilianza kufanywa na simu. Mwezi wa Novemba 2009 simu za iPhone ziliingia katika soko la Korea, na baada yake zikafuata za Android, ambazo ndani yake mna kiini cha Linux. Simu hizi hazikuwa na Internet Explorer wala ActiveX. Mabenki yaliyokuwa yamesema kwamba haiwezekani kuhudumia mfumo mwingine sasa yaliona wateja wake wenye fedha wameshika mfumo mwingine mikononi, na kwa muda mfupi yakatengeneza programu za simu. Mwaka wa 2010 benki ya Woori ilifungua huduma inayokubali vivinjari na mifumo mbalimbali, na Linux ikiwamo. Hivyo neno "haiwezekani" likaonekana kuwa lilikuwa na maana ya "hailipi".

Sheria ilikawia. Ilisukumwa na jambo ambalo hakuna mwanasheria aliyelitazamia, nalo ni koti. Tangu Desemba 2013 hadi Februari 2014 televisheni ya Korea ilionyesha tamthiliya iliyoitwa My Love from the Star, iliyopendwa sana katika China. Mwezi wa Machi 2014 Rais Park Geun-hye alisema katika mkutano wa kurekebisha kanuni kwamba watazamaji wa China wanataka kununua koti alilovaa mhusika mkuu wa kike, lakini hawawezi, kwa sababu maduka ya intaneti ya Korea yanadai cheti na ActiveX. Watumiaji wa Linux walikuwa wameyasema maneno hayohayo kwa miaka mingi. Safari hii yalisemwa na mkuu wa nchi, kwa ajili ya mnunuzi wa nje. Mwezi wa Mei mwaka huo sharti la cheti liliondolewa katika manunuzi ya kadi yanayozidi won 300,000, na mwezi wa Machi 2015 likaondolewa katika huduma za benki za intaneti. Mwishowe Sheria ya Sahihi za Kielektroniki ikarekebishwa, na tangu tarehe 10 Desemba 2020 cheti cha Serikali kikapoteza cheo chake cha pekee na kuwa sawa na vingine. Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft walikomesha Internet Explorer katika matoleo ya kawaida ya Windows 10, na chombo kilichokuwa kimelishika taifa kikaachwa na mwenyewe aliyekitengeneza.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa kamba yote ilikatwa. Mabenki mengi yaliiondoa ActiveX, lakini mahali pake yakaweka programu za kawaida ambazo mteja huzipakua na kuziweka katika kompyuta yake, nazo hukaa humo zikingoja kuzungumza na ukurasa wa benki. Baadhi zilitolewa kwa ajili ya Linux pia, na kwa sura ya nje mtumiaji wa Linux akawa amepata alichokililia. Lakini mwezi wa Januari 2023 mtafiti wa usalama Wladimir Palant alianza kutoa hadharani uchunguzi wake juu ya programu hizo, akaonyesha kuwa kadhaa kati yake zilikuwa na nyufa ambazo ukurasa wowote mwovu ungeweza kuzitumia. Mlinzi wa nyumba alikuwa ndiye mlango wa mwizi. Kwa hiyo fundisho la kisa hiki halikuwa kwamba kila mfumo upewe programu yake ya ziada, bali kwamba programu hizo za ziada zisiwepo, na benki itumie kanuni zilizo wazi ambazo kila kivinjari huzijua.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki kisa hiki kina wa kulinganishwa naye. Mwezi wa Machi 2007, mwaka uleule wa kesi ya Korea, huduma ya M-Pesa ilifunguliwa Kenya. Programu yake iliwekwa katika laini ya simu yenyewe, hivi kwamba ilifanya kazi hata katika simu ya bei ndogo kabisa, bila kuuliza imetengenezwa na nani. Kwa upande huo ilifanikiwa palepale Korea iliposhindwa. Lakini ilikuwa na kifungo chake, kwani mteja alifungwa kwa mtandao mmoja wa simu badala ya mfumo mmoja wa kompyuta. Kifungo hicho kilianza kulegea Tanzania mwaka wa 2014, na Kenya mwaka wa 2018, mitandao ilipopatana kupelekeana fedha moja kwa moja. Nchi zote hizi zilionyesha jambo moja: mlango wa fedha ukishikwa na mmoja, haufunguki kwa hiari yake, hufunguliwa na kanuni, au na nguvu ya soko.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yanayofaa kulipima jambo hili. La kwanza ni sahihi, ambalo katika Kiarabu lina maana ya kilicho kamili na cha kweli, nalo katika Kiswahili limebeba maana hiyo pamoja na ile ya jina liandikwalo kwa mkono. Kazi ya sahihi ni kuonyesha ukweli wa mwenye kuitia. Kalamu na karatasi alivyotumia havina sehemu katika ukweli huo. Sheria ya Korea ya mwaka 1999 ilianza kwa kutafuta ukweli wa mtu, lakini katika kutekelezwa kwake ikaishia kuuliza habari za kalamu. Neno la pili ni amana. Mali iliyowekwa kwa mtu mwingine huitwa amana, na uaminifu wa aliyewekewa huitwa kwa neno hilohilo. Mwenye kuweka amana hapaswi kuulizwa amekuja kwa chombo gani anapoitaka. Apaswa kuulizwa kama yeye ndiye.

Kwa kumalizia, historia ya benki ya intaneti katika Korea ya Kusini haionyeshi ujinga wala hila ya mtu mmoja. Hatua ya kwanza ilikuwa ya busara, na ya pili ilifuata ya kwanza, hata wote wakajikuta mahali ambapo hakuna aliyekusudia kwenda. Kosa lilikuwa kwamba kanuni ziliutaja ulinzi kwa jina la chombo badala ya kuutaja kwa makusudi yake, na kwamba hazikuwekewa siku ya kupimwa upya. Wachache waliotumia Linux waliliona kosa hilo miaka mingi kabla ya wengine, kwa kuwa wao ndio waliogonga mlango ukakataa kufunguka. Nchi zinazotunga sasa kanuni za fedha za kielektroniki zitapata faida zikiwasikiliza watu wa namna hiyo mapema, kabla haijabidi kungoja koti.